Waya una hesabu, pamba ina mkono: koili na utambi wa vepu kwa hewa ya Mtwara

Maelekezo mengi ya kusuka koili ya vepu (sigara ya umeme), yaani waya unaochemsha juisi iwe mvuke, yaliyojaa mtandaoni yameandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Mtu wa Shangani au Mikindani akiyafuata neno kwa neno mwezi wa Februari, tangi la juisi linamvujia mfukoni. Anasema tangi bovu, ananunua lingine, nalo linavuja. Tangi si bovu. Gliserini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya juisi nyingi za vepu, ikitoka nyuzi 20 kwenda nyuzi 30 hupoteza zaidi ya nusu ya mnato wake. Kilichokuwa kama asali kinaanza kukimbia kama mafuta ya kula, na utambi, yaani pamba inayopita ndani ya koili, uliopangwa kuzuia asali hauwezi kuzuia mafuta.

Waya unaweza kuuhesabu kwenye karatasi ukiwa popote, jibu likawa lile lile. Pamba lazima uipime kwa vidole, hapa hapa, kwenye joto na unyevu wa huku kwetu Kusini. Kwa hiyo kwenye waya nitakwenda haraka kidogo, kwenye pamba nitakaa.

Neno moja kabla ya bisibisi. Haya ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta na tayari ana kifaa cha kusuka mwenyewe. Nikotini inatia uraibu. Asiyevuta asianze, mjamzito asiguse, na chupa ya juisi ya nikotini iwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kufika hata akipanda kiti, maana mtoto akiinywa inaweza kumuua.

Vifaa

Vinavyosukwa viko vya aina mbili. Kuna tangi la kusuka, ambalo wenyewe wanaliita RTA: koili inakaa kwenye kitako, juisi inakaa juu yake ndani ya kioo. Na kuna kitako cha kudondoshea, RDA, ambacho hakina tangi, unadondosha matone juu ya pamba kila baada ya mivuto michache. Anayejifunza aanze na cha kudondoshea, kwa sababu kosa la pamba linaonekana papo hapo ukifunua kofia, na hakuna tangi zima la kumwagika.

Vyombo vya kazi karibu vyote vinapatikana mjini. Kijiti cha kuzungushia waya si lazima uagize: biti ya drili ya milimita 3 na nyingine ya milimita 2.5 kutoka duka la vifaa vya ujenzi zinatosha. Zungushia waya kwenye shina lake laini, si kwenye mikunjo ya kukatia, itakuchunia waya. Kukatia miguu ya koili hakuna kinachoshinda kikata kucha kizuri, kwa sababu kinaingia hadi kwenye skrubu. Bisibisi ni ile ndogo ya mafundi saa. Mkasi uwe mdogo na uwe mkali kweli, mkasi butu unavuta pamba badala ya kuikata.

Kitu kimoja usikibadilishe na chochote: kibano chenye ncha za kauri. Utabana koili ambayo imetoka kuwaka sasa hivi. Kibano cha chuma kitakuunguza vidole, na kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya kinapiga shoti.

Cha kupimia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, tumia boksi lenyewe la vepu, ule mwili wenye betri na kitufe, kama lina skrini. Mita ya kawaida ya fundi redio haifai kwa kazi hii. Nyaya zake zenyewe zina ukinzani wa kama omu 0.2 hadi 0.5, na wewe unapima kitu kisichofika omu moja. Ukiitegemea, utadhani koili yako iko salama wakati iko chini sana.

Waya na hesabu yake

Waya wa kuanzia ni Kanthal. Hilo ni jina la kampuni ya Uswidi, na waya wenyewe ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini. Ukiwaka mara ya kwanza, alumini iliyomo inatengeneza ngozi nyembamba ngumu juu ya waya, na ngozi hiyo ndiyo inayoulinda usiliwe na joto. Nikromu, yaani nikeli asilimia 80 na kromiamu asilimia 20, unawahi kupata moto na ladha yake wengi wanaipenda, lakini mwenye ngozi inayokataa nikeli, yule anayewashwa na hereni za bei rahisi, auache. Chuma cha pua cha 316L kinafaa kwa boksi linaloongozwa kwa nyuzi joto. Nikeli tupu na titani usizichome kavu hata siku moja, na kwa kuanzia usizinunue kabisa.

Usichomoe waya wa jiko la umeme lililokufa. Fundi mmoja mmoja atakwambia ni nikromu ule ule. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Hujui mchanganyiko wake, hujui unene wake kamili, na umeshaungua miaka kwenye mafuta na chumvi ya mboga. Rola moja ya mita 10 iliyotengenezwa kwa kazi hii, ukitumia kama sentimita 12 kwa koili pamoja na kishikio, inatoa koili zaidi ya 80. Ikija kwa parseli ya basi kutoka Dar unakaa nayo muda mrefu sana.

Hesabu ni hii. Kanthal ya unene wa milimita 0.4 ina ukinzani wa karibu omu 11.5 kwa mita. Ya milimita 0.3 ina karibu omu 20.5. Urefu wa mzunguko mmoja unaupata kwa kujumlisha kipenyo cha kijiti na unene wa waya, kisha unazidisha kwa 3.14.

Chukua kijiti cha milimita 3 na waya wa 0.4: 3.4 mara 3.14 ni milimita 10.7 kwa mzunguko. Mizunguko sita ni milimita 64, ongeza milimita 10 za miguu miwili, jumla 74. Zidisha mita 0.074 kwa 11.5, unapata omu 0.85. Koili hiyo moja inafanya kazi vizuri kati ya wati 15 na 20. Ukifunga mbili zinazofanana kwenye kitako cha koili mbili, omu inagawanyika nusu, inakuwa 0.43 hivi, na wati zinahitaji kuongezwa maradufu.

Kwa anayevuta kama sigara, moshi kwanza mdomoni ndipo kifuani, chukua kijiti cha milimita 2.5 na waya wa 0.3, mizunguko sita. Inakuja kama omu 1.3, wati 10 hadi 13. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi wa huku: inakula juisi kidogo, haichoshi betri, na mvuke wake si wa moto sana kwa mchana wetu.

Kusuka

Kata sentimita 12. Shika ncha moja kwa kidole gumba juu ya shina la biti, zungusha kwa mkono mwingine huku ukivuta waya uwe mkakamavu muda wote. Waya ukilegea katikati, mizunguko inaachana na hutairudisha vizuri tena. Miguu yote miwili itoke upande unaolingana na nguzo za kitako chako, zile zenye skrubu za kubania waya, kwa hiyo angalia nguzo kwanza ndipo uamue mzunguko wa mwisho unaishia wapi.

Acha koili ikiwa bado kwenye biti wakati wa kuifunga kwenye nguzo. Biti ndiyo inayoishika isipinde. Kama skrubu zako ni zile zinazobana waya chini ya kichwa, ulaze waya upande ambao skrubu ikikazwa inauvuta kuingia ndani, si kuusukuma utoke. Kaza hadi ishike, acha. Waya wa 0.3 ukikazwa kwa hasira unakatika chini ya skrubu, na hutaona kwa jicho, utaona tu omu zinarukaruka.

Sasa kata miguu. Hapa ndipo pa kuinama na kuangalia kwa karibu, ikibidi kwa tochi ya simu. Kipande cha waya kilichobaki nje ya skrubu, hata kiwe nusu milimita, kinaweza kugusa ukuta wa kofia ukishaifunga. Kofia imeunganishwa na upande hasi wa betri. Mguu wa upande chanya ukiigusa ni shoti kamili. Kata hadi kikata kucha kikwaruze skrubu, kisha pitisha ncha ya kidole pembeni ya nguzo. Ukichomwa, bado hujamaliza.

Nyanyua koili ikae milimita moja na nusu hadi mbili juu ya tundu la hewa, katikati kabisa. Ikikaa pembeni, hewa inapoza nusu tu na nusu nyingine inaunguza pamba. Chomoa biti, soma omu. Ikitofautiana na hesabu yako kwa 0.05 au 0.1 hakuna shida, ni miguu hiyo. Ikiwa chini kwa nusu, kuna mahali panagusana pasipotakiwa, usibonyeze kitufe.

Weka wati 10, bonyeza nusu sekunde, achia. Rudia. Koili njema inawaka kuanzia katikati kwenda nje, pande zote mbili kwa pamoja. Ukiona mzunguko mmoja, mara nyingi wa pembeni karibu na mguu, unawaka mwekundu peke yake kabla ya mingine, hilo ni doa la moto. Achia kitufe, pitisha ncha ya kibano cha kauri juu ya mizunguko kama unayekwaruza nyuzi za gitaa, kisha bana koili taratibu kutoka pande zote mbili. Bonyeza tena. Mara tatu au nne doa linatoweka. Usibane huku umebonyeza kitufe. Na usiweke pamba kabla doa halijaisha, kwa sababu litaunguza utambi mahali pale pale kila siku, na ladha ya kuungua hutajua inatoka wapi.

Utambi

Pamba ina kazi mbili zinazopingana: kuleta juisi kwenye koili upesi inapokauka, na kuziba njia ili juisi isiingie ikiwa haihitajiki. Ikiwa chache au imelegea, juisi inafurika. Ikiwa nyingi au imebanwa, koili inakauka. Juisi inapochemka ndiyo inayobeba joto la waya, kama maji yanavyoizuia sufuria isiungue jikoni. Maji yakiisha sufuria inaungua. Juisi ikiisha, waya unapanda joto kupita kiasi kwa sekunde moja, pamba inaungua, na gliserini iliyobaki inageuka kemikali kali inayokwangua koo. Mvuto wa namna hiyo usiumalize. Toa mdomoni.

Kwanza pamba yenyewe. Huku pwani sufi ni rahisi kuipata kuliko pamba, imejaa kwenye mito na magodoro ya zamani, na kwa macho inafanana na pamba safi. Usiitumie kabisa. Nyuzi za sufi ni mirija mitupu iliyopakwa nta na mti wenyewe. Zinakataa maji, zinaelea, na zinashika moto upesi mno. Juisi haitapanda. Pamba mbichi kutoka shambani nayo ina nta yake ya asili, ndiyo maana ukiitupa majini inaelea muda mrefu. Inayofaa ni ile iliyokwisha kuchemshwa na kuondolewa nta.

Pamba ya duka la dawa, ile ya vidonda, inafaa kwa dharura kama haina manukato wala dawa. Fanya jaribio hili: dondosha kipande kidogo kwenye kikombe cha maji. Kikizama ndani ya sekunde chache, nta imeondoka. Kikielea, kirudishe kwenye paketi yake. Hata ikizama, ladha yake ya kwanza ni ya karatasi, kwa hiyo ichemshe dakika 10 kwenye maji ya kunywa, ikamue, ianike ndani ya nyumba juu ya kitambaa safi, si nje kwenye vumbi. Pamba iliyotengenezwa kwa vepu haihitaji haya. Pamba zote mbili zihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, maana miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, pamba iliyoachwa wazi inavuta unyevu na inaanza kunuka uvundo.

Kiasi hakipimwi kwa gramu. Chukua kishungi, kinyooshe nyuzi zielekee upande mmoja, sokota ncha moja iwe kali kama uzi wa kupitisha kwenye tundu la sindano, pitisha ndani ya koili, vuta. Unatakiwa usikie ukinzani mdogo, pamba inasugua lakini inapita, na koili inatikisika kidogo bila kupinda. Koili ikifuata pamba, ni nyingi, ondoa nyuzi. Pamba ikipita kama hakuna kitu, ni chache. Kumbuka kwamba ikilowa inalainika kidogo, kwa hiyo pamba kavu iliyolegea itakuwa imelegea zaidi ikishapata juisi.

Kisha mikia. Ndiyo sehemu ambayo watu wengi wanaikosea, na ndiyo inayoamua kama tangi litavuja. Kata kila mkia uishie kwenye ukingo wa nje wa kitako, si mrefu zaidi. Chana ncha zake kwa sindano au ncha ya kibano, toa kama theluthi moja ya nyuzi kutoka upande wa chini ili mkia uwe mwembamba kuliko kiuno cha utambi kilicho ndani ya koili. Halafu ulaze kwenye tundu la juisi kwa upole, bila kushindilia. Mkia ufunike tundu lote. Ukiangalia kutoka pembeni na ukaona mwanga unapita kati ya pamba na ukuta wa tundu, juisi nayo itapita hapo.

Sasa marekebisho ya hewa yetu. Kwa juisi ya gliserini asilimia 70 na propilini glaikoli (kimiminika chepesi kuliko gliserini) asilimia 30, miezi ya joto, kuanzia Novemba hadi Machi, toa robo tu ya nyuzi za mkia badala ya theluthi, na ncha iguse sakafu ya tundu la juisi. Kwa juisi ya nusu kwa nusu, ambayo ni nyepesi zaidi, usitoe nyuzi kabisa. Kusi ikikolea Juni na usiku ukapoa, pamba ile ile itaanza kukaukia ukivuta mfululizo. Hapo rudi kwenye theluthi. Watu wa Masasi na Newala, ambako asubuhi za Julai ni za baridi kuliko pwani, waanze kwa kutoa theluthi, na utambi ukikauka watoe nyuzi zaidi kidogo kidogo.

Ukimaliza, lowesha kabla ya kufunga. Dondosha matone matatu au manne kwenye kila mkia na mawili juu ya koili, subiri dakika moja, ongeza hadi pamba iache kunywa. Bonyeza kwa wati ndogo mara tatu. Utaona mapovu yakitoka na mvuke mweupe. Mapovu hayo ni hewa iliyokuwa imenaswa, na yasipotoka sasa yatakuwa kiini kikavu katikati ya utambi. Funga, jaza tangi, lisimamishe dakika tano. Haraka ya dakika hizo tano imeunguza pamba nyingi mpya.

Kisichoingia kwenye tangi

Mafuta ya aina yoyote. Si ya nazi, si ya ufuta, si ya karafuu, si ya alizeti, si tone la manukato. Mafuta hayageuki mvuke kama gliserini, yanaingia mapafuni kama matone ya mafuta na yanasababisha nimonia ambayo dawa za vijidudu haziiponyi. Mwaka 2019 huko Marekani maelfu ya watu walilazwa kwa madhara ya mapafu, na kitu kilichohusishwa zaidi kilikuwa asetati ya vitamini E, ambayo ni mafuta, iliyochanganywa kwenye juisi za bangi za mitaani. Ladha iwe ile inayoyeyuka kwenye gliserini, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na gliserini ya kupaka mwilini si ya kuvuta, hata chupa iandikwe safi.

Betri

Betri nyingi za maboksi haya ni 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65. Ikijaa ina volti 4.2. Kwa kifaa kisicho na saketi ya ulinzi, ampea ni volti kugawanya kwa omu: 4.2 kwa 0.85 ni ampea 5, 4.2 kwa 0.43 ni karibu ampea 10, na 4.2 kwa 0.15 ni ampea 28, ambazo betri nyingi haziwezi kuzitoa bila kuchemka. Kwa boksi lenye saketi hesabu inageuka, ampea nyingi zinavutwa betri inapokaribia kuisha: wati 40 kwa volti 3.2 ni ampea 12.5, na bado hujaweka upotevu wa saketi yenyewe.

Seli zilizochomolewa kwenye betri za laptop kuukuu au pawabanki zisitumike kwa vepu. Zimetengenezwa kutoa umeme pole pole, ampea chache, na umri wake hujui. Betri inayojiandika ujazo wa mAh 9900 ni uongo mtupu, za kweli za ukubwa huo zinazouzwa kwa wingi huishia kwenye 3500 hivi. Ganda la plastiki likichanika, hata tundu dogo pembeni ya ncha chanya, libadilishe au tupa betri, kwa kuwa mwili wote wa betri ni upande hasi. Usiitie mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Usiichaji usiku umelala, hasa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Anayeanza asiguse kifaa cha bomba kisicho na saketi.

Matunzo

Utambi unabadilishwa kabla haujakuonya. Kwa juisi isiyo tamu sana, siku tano hadi saba. Kwa juisi yenye sukraloso, ile inayoacha utamu kwenye midomo, siku mbili au tatu, kwa sababu utamu huo hauchemki ukaondoka, unabaki juu ya waya na kuganda kama sukari guru iliyoungua chini ya sufuria. Ukitoa pamba na kuona kahawia iliyokolea katikati tu, koili inataka kusafishwa. Ukiona weusi upande mmoja tu, kuna doa la moto au koili haiko katikati.

Kusafisha: toa pamba yote, weka wati 15, bonyeza sekunde mbili, achia, rudia hadi uchafu uache kutoa moshi na uwe jivu. Usiiache ing'ae nyeupe. Iache ipoe kabisa, kisha pitisha chini ya maji na usugue kwa mswaki laini. Usiitumbukize majini ikiwa ya moto, waya unashtuka na ngozi yake inapasuka. Soma omu upya. Koili hiyo hiyo inaweza kukupa wiki tatu au nne hivi. Ikianza kuwa nyembamba karibu na miguu, au doa la moto likirudi kila ukilitoa, suka mpya. Ni sentimita 12 tu za waya.

Kitako chenyewe kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kila unapobadilisha koili, na suuza ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye nyuzi za skrubu inakula. Hewa ya bahari nayo inaleta kutu ya kijani kwenye shaba, hasa kwenye kipini cha chini kinachogusana na boksi, na kutu hiyo inaongeza omu zisizokuwepo. Kama kipini ni shaba tupu, kifute kwa kitambaa chenye tone la ndimu, kama masinia ya shaba yanavyosuguliwa, suuza, kausha. Kama kimepakwa dhahabu au fedha, usitie ndimu, futa kwa kitambaa kikavu tu. Raba za kuzuia mvujo zipake juisi kidogo kabla ya kufunga, zisichanike. Tangi la plastiki lisijazwe juisi za ndimu, chungwa au mdalasini, linapata nyufa. Kioo hakina shida hiyo.

Dalili na sababu zake

Omu zikirukaruka, anza na skrubu. Joto linazilegeza baada ya siku ya kwanza, na kukaza robo mzunguko kunamaliza nusu ya kesi hizi. Zikiendelea, mguu umekatika chini ya skrubu. Sauti ya kukoroma ndani ya tangi ni juisi iliyofurika chini ya koili: fungua matundu ya hewa, yazungushie karatasi ya chooni, puliza kwa nguvu mara moja kupitia mdomo wa tangi, kisha chunguza mikia. Ikikoroma tena baada ya saa moja, pamba ni chache. Matone ya moto yanayoruka ulimini yanatokana na juisi kujaa ndani ya koili au wati kuwa ndogo mno kwa waya mnene; mbonyezo mfupi kabla ya kuweka mdomoni unasaidia. Ladha ya chuma siku ya kwanza ni mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye waya: pangusa waya kwa pamba yenye spiriti kabla ya kusuka, uache ukauke kabisa ndipo uwashe. Ladha ya kuungua isiyoondoka hata baada ya kujaza haina dawa. Pamba ikishaungua imeungua, itoe.

Safarini

Tangi lililojaa nusu ndilo linalovuja zaidi, kwa sababu nusu nyingine ni hewa, na hewa ikipata joto inatanuka na kusukuma juisi nje kupitia utambi. Kwenye dashibodi ya bajaji saa saba mchana linamwaga lote. Kupanda nako kunafanya vivyo hivyo: kutoka Mtwara mjini hadi Newala unapanda mamia ya mita juu ya Uwanda wa Makonde, msukumo wa hewa wa nje unapungua, hewa iliyo ndani ya tangi inatafuta njia. Jaza tangi hadi karibu na juu kabla ya kuondoka, au lisafiri tupu. Funga matundu yote ya hewa, lisimamishe wima, lizungushie karatasi ya chooni ndani ya mfuko wa nailoni. Betri itoe, iweke kwenye kasha lake. Ukifika juu, fungua matundu, puliza mara mbili bila kubonyeza kitufe ili juisi iliyosogea itoke, futa mdomo wa tangi, ndipo uwashe.